Kwenye Ripoti, Lifti Ni Nzima

Bibi yangu ana wajukuu wengi lakini mume mmoja tu, na huyo ni mimi. Ameniita "mume wangu" tangu sijui kufunga kamba za viatu. Babu alipofariki, watu walipomaliza kulia, aliniangalia juu mpaka chini akasema basi, nimeachiwa hiki kifupi nimalizie nacho uzee. Mdogo wake, ambaye sote tunamwita Bibi Mdogo ingawa akisimama mlangoni mwanga hauingii, naye ananiita mume vile vile. Wakikutana mimi ndiye ninayegombewa.

"Nani kamnyoa hivi mume wangu?"

"Mume wako tangu lini? Huyo nilimuogesha mimi."

"Ulimuogesha, na aliyemlisha nani?"

Wanaweza kwenda hivyo kutwa nzima, wameshikana mikono kama wasichana wa shule.

Sasa Bibi Mdogo alikuwa anahama. Mwanawe anakaa nchi ya mbali, huko ambako kwenda ni ndege mbili na kurudi ni majaliwa, na alikuwa amemtumia tiketi ya Jumamosi ya wiki ifuatayo. Bibi Mdogo alipiga simu akasema atapita kwetu kuaga akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

"Nitakungoja chini mlangoni," Bibi akamwambia. "Mimi simuagi mtu kwa simu. Nataka nikushike."

Alipokata simu, Mama na mimi tukaangaliana. Tunakaa ghorofa ya sita. Bibi alivunjika nyonga, anatembea kwa kile chuma cha miguu minne anachokisukuma mbele yake, na lifti ndiyo ilikuwa miguu yake ya nje. Lifti ilikuwa imekufa Ijumaa. Naye Bibi Mdogo ana magoti yaliyovimba na moyo ambao daktari ameuandikia amri: ngazi marufuku.

"Si unafanya kazi hapo hapo?" Mama akaniuliza.

Hilo ndilo swali. Nafanya kazi hapo hapo.

Kampuni yetu inatunza majengo ya watu, na hilo tunalokaa limo: mabomba, taa, milango, lifti. Mpangaji akipata shida anapiga simu, napokea mimi, naingiza shida yake kwenye mfumo wa kompyuta, inazaliwa tiketi. Si ya ndege wala ya mpira. Ni shida iliyopewa namba. Ikiwa wazi inakuwa nyekundu, ikifungwa inakuwa kijani. Bila namba iliyo wazi hakuna fundi anayeondoka ofisini, na stoo ya vipuri, ambayo ni ya kampuni nyingine kabisa, haitoi hata msumari. Kila Jumatatu mfumo unatapika ripoti: jengo gani lina nyekundu, na nani amefunga tiketi nyingi kuliko mwenzake.

Mimi kazi yangu ni kufungua tu. Kufunga ni cheo. Wafungaji wako wawili. Zamu ya asubuhi yuko mama mmoja tunamwita Mama Marudio, na zamu ya mchana yuko kijana mmoja tunamwita Kasi. Kila mmoja anataka jina lake liwe juu ya la mwenzake kwenye ripoti, na njia nyepesi kuliko zote ni marudio. Watu wawili wakilalamikia kitu kimoja, tiketi ya pili unaigonga muhuri wa "marudio ya ile ya kwanza", inafungwa. Huhitaji fundi wala bisibisi, kidole kimoja kinatosha. Mama Marudio ananusa marudio kama paka anavyonusa samaki kwenye mfuko wa mgeni.

Ile Ijumaa, jirani wa ghorofa ya pili alipiga simu asubuhi kuhusu lifti. Nikafungua tiketi. Baadaye Mama naye akapiga, nikafungua nyingine, maana sheria ni kila simu na tiketi yake. Kabla hajaondoka, Mama Marudio aliifunga ya Mama kuwa ni marudio ya ile ya jirani. Hapo hajakosea. Akaja Kasi, ana njaa ya namba, akaikuta ya jirani. Akatafuta inayofanana nayo, akaipata ya Mama, tena imeandikwa vizuri zaidi. Hakuangalia kama iko wazi. Akaifunga ya jirani kuwa ni marudio ya ile ya Mama.

Yaani hii imefungwa kwa sababu ya ile, na ile imefungwa kwa sababu ya hii. Ni kama watu wawili mlangoni, mmoja anasema tangulia wewe, mwenzake anasema hapana tangulia wewe, mwishowe wote wanarudi kwao na chakula kinapoa.

Jumatatu tukakaa kwenye kikao. Bosi wetu tunamwita Bwana Kijani, na si kwa ajili ya nguo. Ripoti ikimulikwa ukutani anasogea kuipapasa.

"Angalieni ukuta huu," akasema. "Kijani kitupu! Ukileta ng'ombe hapa anashiba."

Nikanyoosha mkono. "Bosi, lifti ya jengo ninalokaa ni mbovu."

Akatelezesha kidole ukutani mpaka akalikuta jengo letu. "Lifti, matatizo yaliyo wazi: sifuri."

"Hiyo ni sifuri ya ukutani, bosi. Mimi nimeshuka ghorofa sita kwa miguu. Nimepishana na mtu kabeba baiskeli begani, hatukusalimiana, kila mmoja alikuwa anatafuta pumzi yake."

Watu wakacheka. Bwana Kijani naye akacheka kidogo. "Basi fungua tiketi, kijana. Si kazi yako?"

"Nilishafungua, bosi. Mbili."

"Fungua ya tatu."

Nikafungua ya tatu mbele yao wote. Haikukaa nyekundu hata kwa kupepesa jicho. Mfumo wenyewe uliangalia jengo, ukaangalia neno lifti, ukajibu: *Tatizo hili limeshafungwa kama marudio. Asante kwa ushirikiano wako.* Ikawa kijani.

"Umeona?" Kasi akasema. "Mfumo una akili kuliko wewe."

"Kuliko mimi ni rahisi," nikamwambia. "Huo mfumo ungejaribu kukuzidi wewe, hapo ingekuwa kazi kweli. Ungepata mpinzani."

Lakini nilikuwa nacheka meno tu.

Nikaona nitumie ujanja. Niliandika tiketi bila kutaja lifti: chumba kidogo cha chuma, jengo letu, hakipandi wala hakishuki, mlango wake haufunguki. Mfumo ukaimeza! Ikakaa nyekundu, nzuri, imeiva kama nyanya. Jumatano mlango wa nyumbani ukagongwa, Bibi mwenyewe akafungua, akamkuta mtu anahema kama aliyefukuzwa na mbwa, kashika randa na nyundo.

"Nimeambiwa kuna mlango haufunguki," yule mtu akasema.

"Wewe ndiye fundi wa lifti?"

"Seremala, mama."

Bibi akamtazama, akaitazama nyundo. "Baba, umepanda na nini?"

"Na ngazi. Lifti yenu mbovu."

"Kumbe umeiona," Bibi akasema. "Karibu maji."

Akanywa bilauri mbili, akaukagua mlango wetu kwa ajili ya heshima, akaupaka mafuta kwenye bawaba ingawa haukuwa na shida yoyote, akashuka. Jioni tiketi yangu ilikuwa kijani: *Mlango umerekebishwa.*

Alhamisi, saa za kubadilishana zamu, nilimfuata Bwana Kijani ofisini kwake. Sikutania. Nikamweleza habari ya Bibi na Bibi Mdogo na Jumamosi. Bwana Kijani si mtu mbaya. Ana mama yake pia, picha yake iko pale mezani. Akavuta kiti.

"Tuifungue upya ile ya kwanza. Mimi nina ruhusa hiyo."

Akabofya tiketi ya jirani. Mfumo ukamwambia: *Huwezi kufungua marudio. Fungua tiketi ya asili.* Ukampa mshale. Akaubofya mshale, ukampeleka kwenye tiketi ya Mama. Akabofya. *Huwezi kufungua marudio. Fungua tiketi ya asili.* Mshale. Akaubofya, akajikuta kwa jirani.

"Mbona nimerudi hapa?"

"Ndiyo nilikuwa nakueleza, bosi."

Akajaribu tena, pole pole, kama vile mara ya kwanza alibofya kwa kiburi. Kwa jirani, kwa Mama, kwa jirani. Akamwita Mama Marudio, Mama Marudio akamwita Kasi, tukasimama wote nyuma ya kiti, vichwa vinne juu ya kioo kimoja.

"Mimi ya kwangu nilifunga sawa," Mama Marudio akasema.

"Na mimi ya kwangu nilifunga sawa," Kasi akasema.

Na kusema kweli ukizitazama moja moja, ni sawa.

Bwana Kijani akampigia fundi wa lifti, akaiweka simu sauti ya nje. "Nenda katengeneze tu, namba tutaitafuta baadaye."

"Bosi, kilichoungua ni kibao cha umeme kinachoiongoza," fundi akasema. "Kiko stoo, nimekiona kwa macho yangu kwenye rafu. Wanasema niwaletee namba iliyo wazi, tena ya lifti."

"Waambie nimesema mimi."

"Nimewaambia. Wakaniuliza wewe ni namba ngapi."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Basi akaandika kwa wenye mfumo, wale walioutengeneza. Akaandika kwa adabu, sentensi ndefu ndefu, akaweka na picha. Jibu likaja haraka mpaka tukashangilia: *Ndugu mteja, tumepokea tatizo lako na kulipatia namba.* Tukakaa kungoja. Mama Marudio akaleta chai. Kasi alikuwa amesimama dirishani, na sijawahi kumuona mtu yule amesimama tu. Likaja la pili. Bwana Kijani akalisoma, kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe.

*Tatizo hili limeshawahi kuripotiwa na mteja mwingine. Limefungwa kama marudio.*

"Pole sana, kijana," akasema. Akaichukua ile picha ya mama yake akaipangusa vumbi kwa kiganja, akairudisha palepale. Nikaona kwamba huyu mtu angekuwa na bisibisi na angejua pa kuitia, angeenda mwenyewe.

Ijumaa tukajaribu kumshusha Bibi kwa mikono, tuone kama kesho yake itawezekana. Majirani wawili, mimi, na yule mwenye baiskeli. Tukamkalisha Bibi kwenye kiti cha mezani, tukamfunga shuka kiunoni asiteleze, tukamnyanyua. Ngazi za jengo letu ni nyembamba, tena zina kona kali, mjenzi nadhani alikuwa na ugomvi na watu wanene. Kona ya kwanza tukapita kwa kumuinamisha. Kona ya pili kiti kikakwama: miguu ya mbele imeingia kwenye vyuma vya pembeni, ya nyuma imegusa ukuta, na Bibi yuko hewani, anaangalia chini kwenye uwazi wa ngazi.

"Nipandisheni au nishusheni," akasema, "msinianike kama nguo!"

"Vuta kwako!"

"Kwangu wapi? Kwangu ukuta!"

Mwenye baiskeli akavuta, kiti kikachomoka kwa kishindo, na Bibi akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama mtu anayevuta hewa na hewa haiji. Nyonga. Tukamrudisha juu mikononi, bila kiti, uso wake umekuwa wa majivu. Mama akampigia daktari, daktari akasema mkimgusa tena kwenye ngazi hizo mtanijibu mimi. Bibi akalala chali, akanipapasa kichwa.

"Usijali, mume wangu. Kesho lifti itakuwa imepona."

"Nani kakuambia, Bibi?"

"Si ndiyo kazi yako?"

Jumamosi Bibi aliamka kabla yetu. Alivaa gauni lake la sikukuu, akajipaka mafuta, akajisogeza na chuma chake mpaka nje ya mlango wetu, kwenye kile kijukwaa mbele ya lifti, akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayekamua jipu, kisha akaufuta mkono kwenye gauni.

Teksi ikapiga honi chini. Nikashuka mbio.

Bibi Mdogo alikuwa ameshatoka garini, amevaa koti zito lililomtoa jasho, maana ameambiwa huko aendako kuna baridi. Masanduku yalikuwa yamejaa mpaka kiti cha mbele. Akachungulia kushoto, kulia, mlangoni.

"Yuko wapi?"

"Lifti bado, Bibi."

Akaitazama lifti. Ilikuwa na kikaratasi kipya cha kampuni yetu mlangoni: *Imekaguliwa.* Akazitazama ngazi. Nikajua anawaza nini.

"Daktari alikukataza."

"Daktari hana dada," akasema, akashika chuma cha ngazi.

Sikuweza kumzuia, mtu yule nimzuie na nini? Nikamshika mkono mmoja. Ghorofa ya kwanza alifika akitania, ananiuliza kama mke mwenzake ananilisha vizuri. Kuelekea ya pili akaacha kutania. Kwenye ya pili akakaa chini kabisa, kwenye ngazi, midomo imebadilika rangi, kalishika koti lake kifuani. Nikamwambia basi, Bibi Mdogo, tafadhali, basi. Hakubisha. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Juu nikasikia chuma cha Bibi kikigonga sakafu, na Mama akisema "Mama usisogee, usisogee hapo."

"Dada!" Bibi Mdogo akaita alipopata pumzi.

Uwazi wa ngazi ukaichukua sauti mpaka juu.

"Nani huyo?" Bibi akajibu.

"Mwizi wa mume wako!"

"Uko wapi wewe?"

"Ghorofa ya pili!"

"Panda basi!"

"Nipande na nini?"

"Si ulikuwa unaruka kamba wewe!"

"Kamba ilikuwa chini, dada! Haikuwa na ghorofa!"

Wakacheka wote wawili, mmoja huku, mmoja kule. Nikachungulia juu kwenye uwazi, nikaona mkono wa Bibi tu, umeshika chuma cha ngazi. Bibi Mdogo hata huo hakuweza kuuona kutoka pale alipokaa. Majirani walifungua milango kusikiliza, kisha wakaifunga pole pole bila kugongesha.

"Umechukua sweta?" Bibi akauliza.

"Nimechukua!"

"Na dawa?"

"Nazo!"

"Usile vya baridi huko!"

"Sili!"

Kisha wakanyamaza. Nadhani yaliyobaki yalikuwa ya kusemwa sikioni, na ya sikioni hayapazwi kwenye ngazi za watu. Teksi ikapiga honi. Ikapiga tena, ndefu.

Bibi Mdogo akanivuta. Akanikumbatia mpaka vifungo vya koti vikanichoma, akanishika kisogo, akanibembeleza kushoto na kulia kama mtoto.

"Hili si lako," akasema. "Lipeleke juu. Usilimwage njiani."

Nikapanda. Sijawahi kupanda ngazi zile namna ile. Nikamkuta Bibi amesimama kwenye ngazi ya juu kabisa, Mama kamshika kiuno kwa nyuma, nikamkumbatia vile vile, na kisogo nikakishika, na kushoto na kulia. Akanusa bega la shati langu.

"Bado anapaka yale mafuta," akasema.

Akaninusa tena, upande wa pili. Kisha akanishika yeye. Alinibana kwa muda mrefu, kwa nguvu nisiyojua aliitoa wapi, na alisema kitu shingoni mwangu ambacho sikukisikia na hakikuwa changu.

"Haya. Mpelekee."

Nikashuka mbiombio. Ghorofa ya pili, pale alipokuwa amekaa, hapakuwa na mtu. Nikaendelea. Nilipofika mlangoni niliona mgongo wa teksi. Dereva alikuwa amepanda kumchukua, alikuwa akiogopa wachelewe, ndivyo jirani alivyoniambia. Nikakimbia barabarani, mikono nimeitanua mbali na mwili kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Nikapiga kelele. Ikafika kwenye kona, taa ya nyuma ikawaka kidogo, nikasema inasimama. Ilikuwa inakata kona tu.

Nikarudi nikiwa bado sijaishusha mikono. Nikaingia, nikasimama chini ya ngazi.

"Umempa?" Bibi akaita kutoka juu.

Nikaangalia juu. Mkono wake ulikuwa palepale.

"Nimempa, Bibi!"

"Akasemaje?"

Mimi huwa sikosi la kusema.

"Akasema umekonda!"

Kicheko chake kikashuka ghorofa zote sita.

"Nimekonda mimi? Mwambie yeye ndiye kanenepa! Mwambie kabla hajapanda gari!"

Nikageuka nikautazama mlango ulio wazi na barabara isiyo na mtu, nikapaza sauti mpaka wa ghorofa ya sita asikie.

"Bibi Mdogo! Unaambiwa umenenepa!"

Tukasubiri jibu, yeye juu, mimi chini.